Jana Tulifungwa Kwenye Uwanja Wako

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini wewe ndiye uliyesema kwamba mdogo huamkia kwanza na mengine anamwachia mkubwa. Nimekuamkia.

Nakuandikia nikiwa nyumbani huku juu, barazani, kwenye kile kiti chako ambacho Mama hataki mtu akikalie. Leo ameniruhusu. Jana timu yangu ilifungwa kwenye uwanja wako, na nina furaha ambayo sijui niipeleke kwa nani kama siyo kwako.

Tulikuja, Baba. Wasichana wangu wa shule ya binafsi ya kule chini wamepanda mlima kuja kucheza netiboli na shule yako ya serikali. Jambo uliloliomba katika kila kikao cha walimu wa michezo, mpaka wenzako wakawa wanakutania nalo, limefanyika. Wewe hukuwepo. Hilo ndilo linaloniuma, na nalisema mapema ili niweze kuendelea na mengine.

Uwanja bado umepinda. Ule mwaka wa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, mimi nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka wazazi walivyokuja na majembe, na kina mama wakaleta makande kwenye sufuria, wakati huo sukari na sabuni zilikuwa za foleni na mshahara wako ulikuwa unakuja ukipenda. Walichimba mpaka wakakuta mwamba, na mwamba haukuwa na habari na mtu. Basi goli moja likabaki juu na jingine chini. Wewe ukasimama katikati na filimbi yako, ukasema, "Kila mtu atapanda, kila mtu atashuka. Tutabadilishana." Kwako wewe haki yote ilikuwa imo humo.

Na ule mpira. Shule nzima mpira mmoja, ulioushona kwa nyuzi za katani mpaka viraka vikawa vingi kuliko ngozi yenyewe. Sheria ya uwanja ilikuwa kwamba mpira ukishuka bondeni, anaufuata aliyeutoa, na mchezo unasubiri. Nilikuwa nakaa jikoni kwa Mama nasikia kelele zinakatika ghafla, nikajua kuna msichana yuko kwenye maharage ya watu anatafuta mpira.

Halafu nikamaliza darasa la saba na sikuchaguliwa. Wewe mwalimu wa sekondari, mwanao hakuchaguliwa. Nafasi zilikuwa chache, kila mtu alilijua hilo, lakini nakumbuka ulivyokwenda kanisani Jumapili ile umenyoosha shingo kuliko kawaida. Hukunigombeza. Afadhali ungenigombeza.

Mimi nilikuwa mrefu. Hicho ndicho nilichokuwa nacho. Na zilikuwa enzi za ruksa, mitumba imeingia, maduka ya Same yameanza kujaa tena, na mwenye uwezo wa kujenga madarasa aliruhusiwa kufungua shule. Shule za binafsi zikaota tambarare kama uyoga. Wewe ulikuwa umekwisha kuzilalamikia kikaoni. Wanachukua mfungaji wa shule ya mlimani, ulisema, wanamsamehe ada, wanamvisha raba, halafu sisi tunaitwa kushindana naye. Mamluki, ndivyo ulivyowaita wachezaji wa namna hiyo. Neno hilo ukilitamka ulikuwa unakunja uso kama umeuma ndulele.

Kisha mkuu wa shule mojawapo akaja kwetu. Alikunywa chai ya Mama, akanitazama kimo kama mtu anayechagua nguzo ya kujengea, akasema, "Mwalimu, huyu tumpe nafasi. Ada tusahau. Acheze tu."

Uliinuka ukaenda mgombani, ukakaa huko mpaka chai ya mgeni ikapoa. Uliporudi ulisema neno moja, "Aende." Nilikuwa mtoto, niliona tu kwamba nakwenda shule na nitavaa sketi ya buluu. Leo ndiyo naona ulikuwa unameza maneno yako mwenyewe mbele ya mtu uliyekuwa unampinga, na uliyameza ili mimi nisome. Baba, asante. Sikuwahi kukuambia.

Siku ya kuondoka ulibeba sanduku langu la bati begani kutoka huku mpaka barabarani, hukutaka nikupokee hata kwenye kona zile za utelezi. Tulipofika ukalitua, ukajifuta jasho kwa kofia, ukasema, "Nenda kasome. Mkikutana na sisi cheza kwa nguvu zako zote, usituonee huruma. Ila usije ukaniomba nikupigie makofi." Ukacheka kidogo, ukaniita mamluki wangu. Tangu hapo jina langu la Nakunda ulilitumia mbele ya wageni tu.

Na kweli tulikutana. Fainali ya wilaya ilichezwa shuleni kwetu, kama kawaida, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa na uwanja tambarare na mabweni ya kulaza watu. Sisi tuliamka tukanywa uji wa maziwa, tukalamba glukozi, tukavaa raba. Wasichana wako walikuwa wameshuka mlima kwa miguu tangu alfajiri ya jana yake, wakapanda lori la mkonge, wakalala kwenye sakafu ya darasa. Nilikuwa nawajua wote, tulichota maji pamoja. Walicheza pekupeku, na walikuwa wanaegemea upande mmoja kila wanapotua, maana miguu yao ilidhani bado iko mlimani. Watu wa pembeni wakawacheka. Mimi nilifunga, na nikafunga tena, kama ulivyoniagiza.

Mchezo ulipokwisha ulipita kwenye mstari wetu ukimpa kila mmoja mkono. Ulipofika kwangu nilikuwa nakusubiri na uso wangu wote. Ukasema, "Hongera, mchezaji," ukampa mkono aliyefuata. Nililia bafuni mpaka matroni akaja kunigongea.

Lakini mchana ule kikao chenu kilikaa kwenye veranda ya bwalo, na sisi ndio tuliopeleka chai. Nikakusikia. Ulisema michezo ichezwe huku na huku, mwaka mmoja shule za juu zishuke na mwaka mwingine za chini zipande, kwa sababu mcheza kwao hutunzwa, na sisi wa juu hatujawahi kucheza kwetu. Mmoja akasema barabara mbaya. Mwingine akasema mvua. Wa tatu akacheka, "Mwalimu, mbona mwanao anakula ugali wa huku huku?" Birika lilikuwa mkononi mwangu. Wewe hukugeuka kunitazama. Ukasema, "Anakula, na anashiba. Ndiyo maana najua hawa wengine wanacheza na njaa."

Hakuna aliyecheka tena, lakini hakuna aliyekubali pia. Ukaendelea kuomba mwaka baada ya mwaka, mpaka nikamaliza shule, mpaka nikasomea ualimu, mpaka nikarudi kufundisha michezo pale pale waliponisomesha. Hukunilaumu kwa hilo. Ulikuja kunitembelea na gunia la maparachichi, ukakagua uwanja wetu, ukabonyeza mipira yetu mipya mmoja mmoja kama mama anayenunua nyanya.

Tangu kile kifua kikuchukue masika iliyopita, mengine yamebadilika na mengine yako vile vile. Filimbi yako anayo Mwalimu Ombeni, yule kijana uliyemzoesha kazi. Mama anakula vizuri, ila anapika makande ya watu wawili halafu anashangaa yamebaki. Kuku wamelipenda kaburi lako kule mgombani kwa sababu udongo wake ni laini. Kutwa wanaparua, kutwa Mama anawafukuza kwa makofi na kuwatukana kwa Kipare, na nadhani wewe unafurahia mazungumzo hayo.

Mwaka huu kikao kilipofika nilisimama. Nilisema maneno yako yote na nikamaliza na mcheza kwao hutunzwa. Sikuyasema vizuri kama wewe, Baba. Wakatazamana. Nadhani wengine walikubali kwa sababu msiba wako bado haujapoa, na kuniambia hapana kungekuwa kama kukuambia wewe tena. Mkuu wangu wa shule ndiye aliyenuna. Akasema barabara itavunja gari. Nikamwambia gari litaishia kwenye daraja bovu, kutoka hapo wasichana wana miguu.

Basi jana walipanda. Kulikuwa na kulalamika kwa kila lugha. Nahodha wangu anaitwa Zuhura, mtoto wa mkata mkonge aliyetoka Kigoma, msichana mwenye mdomo na mwenye moyo, na hata yeye alifika juu hana la kusema. Wenyeji waliwapa makande na maji ya chemchemi. Kisha wakauona uwanja wako, wakacheka. Niliwaacha wacheke.

Baba, ningetoa nini ili uuone mchezo ule. Wasichana wangu wanadaka mpira vizuri, wanatua, raba zinateleza kuelekea chini, Ombeni anapuliza, kosa la hatua. Wanadaka, wanatua, hatua. Wale wa kwako wanatua kwa ubavu wa mguu kama mbuzi, wamesimama kimya, hawana haraka. Zuhura akarusha pasi ndefu, mpira ukapita uwanja, ukapita tangawizi ya mzee jirani, ukashuka bondeni. Sisi tulikuwa na mipira mingine kwenye mfuko. Ombeni akanitazama. Nikamwambia Zuhura, "Huku anaufuata aliyeutoa." Akashuka na mchezo ukamsubiri, na kijiji chote kikamsubiri, na aliporudi na majani kichwani walimshangilia yeye kuliko goli lolote.

Kulikuwa na mfungaji wao mmoja, Yunisi, mrefu kama nilivyokuwa mimi. Alipofunga goli la mwisho, akiwa amesimama upande wa chini ambako pete inaonekana iko mbinguni, mikono yangu iliinuka yenyewe. Nikaona wasichana wangu wananitazama, wamejaa vumbi, midomo inatetemeka. Nikaishusha.

Hapo ndipo nilipokuelewa. Miaka yote nimekuwa nikijiuliza ungepungukiwa nini kunipigia makofi mara moja. Nilidhani unaniadhibu. Kumbe na wewe ulikuwa na wasichana waliokuwa wanakutazama. Baba yangu, uliwezaje kusimama vile siku nzima?

Zuhura alinijia na machozi. "Mwalimu, uwanja umepinda. Siyo haki." Sikujua nicheke au nilie. Nimekaa upande huu tangu nikiwa na umri wake, na ilikuwa mara ya kwanza nasikia maneno hayo yakitoka kwetu. Nikamwambia, "Pole mwanangu. Twende tukawape mkono." Nikampa mkono kila mmoja. Nilipofika kwa Yunisi nikasema hongera, mchezaji.

Usidhani mambo yamenyooka. Tulipokuwa tunateremka mkuu wangu, ambaye alikuwa amekuja kwa kununa hivyo hivyo, alinisogelea akaniuliza taratibu, "Yule mrefu wao, kwao wana uwezo wa ada?" Damu ilinipanda. Halafu ikashuka, kwa sababu nilikumbuka chai ya Mama na mimi nimesimama mlangoni. Nikamwambia, "Yunisi ana shule, mkuu. Mimi sikuwa nayo." Akasema nina kichwa kigumu kama cha marehemu. Nilimshukuru.

Niliwafikisha hadi kwenye gari, kisha nikaomba ruhusa, nikapanda tena kuja kulala kwa Mama. Zuhura alikuwa amekaa dirishani na goti lililochubuka. Akasema, "Mwalimu, Mwalimu Ombeni amesema wataita msaragambo kiangazi waumalizie uwanja. Mniite. Lile jiwe nina ugomvi nalo." Nimemwambia Mama, naye anasema mnyooshe lakini mbakize kidogo, la sivyo mtoto wa mlimani atacheza wapi.

Kwa hiyo nakuahidi mawili. Kiangazi nitapanda na wasichana wangu, kila mmoja na jembe lake, tutachimba pamoja na hawa wa kwako mpaka mwamba ukubali. Na kila zamu ya kupanda itakapofika tutapanda, tufungwe au tusifungwe, na nikihamishwa nitamwachia atakayenifuata maneno yako.

Jana jua lilipokuwa linazama nilikwenda mgombani, nikasimama miguuni pako. Hapakuwa na msichana wa kunitazama, wa kwako wala wa kwangu. Sikukuomba unipigie makofi, Baba, nimetii mpaka mwisho. Nilikupigia mimi. Nilipiga mpaka viganja vikawaka moto.

Mama akapaza sauti kutoka jikoni, "Wamerudi tena hao kuku?"

Nikasema, "Ndiyo Mama, wamerudi."

Lala salama, Baba.

Mimi, mamluki wako.