Shikamoo ya Mteremkoni

Kizwite, Sumbawanga

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Barua yako imefika. Mguu wa bibi yako umepona, na ameanza tena kunigombeza.

Unauliza, enzi zile za vijiji vya ujamaa, nilifanya nini njiani siku mbili nzima, peke yangu na baiskeli, kutoka hapa hadi Mwimbi. Nilikuwa nasalimia. Kwetu Ufipa kijana alishuka kwenye baiskeli kumsalimu mzee, na njia ile ilijaa wazee.

Mara moja tu sikushuka. Mteremko ulikuwa mtamu, upepo umejaa kwenye shati, nikamrushia shikamoo bibi mmoja aliyekuwa akipalilia maharage, nikapita. Hakuitikia. Kufika bondeni, raha yote imeniisha. Nikarudi nikisukuma baiskeli kilima kizima, nikapiga goti mbele yake.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Ile ya kwanza niliisikia. Nilikuwa namsubiri mwenyewe afike."

Basi ukija Desemba na gari lako, usinipigie honi ukiwa barabarani. Shuka. Mimi nipo hapa barazani, na marahaba yako ninayo.

Babu yako