Kichwa Ulichoniachia

Mayi,

Mama yangu, nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika kabla sijaacha shule darasa la saba. Lugha yetu naiweza kwa mdomo tu. Na wewe hukujua kusoma hii wala ile, kwa hivyo haidhuru.

Baada ya kukuzika nilirudi Thika, chumba kile kile cha mtaa wa Kiandutu, kazi ile ile ya kukata mawe ya kujengea kule machimbo ya Theta. Asubuhi lori hutuchukua barabarani. Mimi ndiye wa mashine, ule msumeno mkubwa unaotembea juu ya reli. Vumbi ni jeupe kama unga, na jua likipiga jiwe linarudi machoni. Kazi naiweza. Ni hiki kichwa, Mayi. Kile kichwa chako cha upande mmoja, cha kutapika na kuchukia mwanga. Dada zangu walirithi sauti yako, mimi nikapewa hicho.

Ulipoondoka kilizidi. Nilikuwa silali, na chakula kilikuwa hakipiti. Duka lililo karibu na mlango wangu linauza tembe za maumivu mojamoja kama peremende, nikawa nameza kila asubuhi kabla hata kichwa hakijauma, kama mtu anayempa askari chai kabla hajaulizwa kitu. Wote machimboni tunafanya hivyo. Halafu nikaona kinauma kila siku, hata Jumapili nikiwa nimelala tu.

Nilikwenda zahanati. Muuguzi, mama mnene mwenye haraka, akaniuliza nameza ngapi. Nilipomwambia aliweka kalamu chini. "Kijana, sasa ni hiyo dawa inakupiga," akasema. Akanieleza namna ya kuiacha, na akanionya kwamba siku za kwanza zitakuwa mbaya. Zilikuwa mbaya. Akasema pia kichwa kikija ghafla kama radi, au mkono ukifa ganzi, au ulimi ukikataa kusema, nisijilaze nikingoja kipite, nikimbie kwao. Mengine yote, akasema, ni kula kwa wakati, kunywa maji, kulala na kuamka saa ile ile, na kukaa gizani kikianza.

Nilitoka pale nikicheka peke yangu. Nilikuwa nimepanga foleni asubuhi nzima kusikiliza maneno yako.

Maana nakumbuka, Mayi. Ulikuwa unakula kiazi kilicholala kabla ya kushika jembe, hata kama majirani wote wameshafika shambani. Kichwa kilipokuja ulifunga dirisha, ukajifunga kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungi, ukaniita nikufinye mkono, pale kwenye nyama kati ya gumba na kidole cha pili. "Si hapo, Wekesa. Hapo unafinya mfupa. Unataka kunimaliza?" Na siku ile jirani alipokuja na fungu la majani ya mkaratusi ya kukufukizia, wewe ambaye harufu yoyote ilikuwa inakuangusha. Ulimwambia bila kufungua macho, "Dada, rudi nayo. Siku ya kunifukuza duniani bado." Alicheka mpaka ukamwomba acheke akiwa nje.

Siku ya kugawana nguo zako dada walichukua magauni. Mimi niliomba kile kitambaa. Walinitazama kama mtu aliyepungukiwa akili, lakini wakanipa. Huwa nakilowesha kwenye chupa ya maji na kukiweka shingoni. Kinasaidia. Si mara zote.

Ngumu ilikuwa kula. Hapa machimboni mtu hali kabla lori la kwanza halijajaa. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ila ukiguswa na njaa mapema wanasema mikono yako ni ya ofisini. Sasa mimi nikaanza kuja na kiazi kwenye mfuko wa koti. Siku ya kwanza Kilonzo, huyo anayepanga mawe ninayokata, alipiga mayowe: "Bibi harusi amekuja na keki yake! Mpisheni akate!" Wakaimba hata wimbo. Nilikula nikiwa nimewapa mgongo. Siku ya tatu nikala nikiwatazama. Wakachoka kuimba.

Basi kikapungua. Siwezi kukudanganya kwamba kimekwisha. Zilipita siku nyingi bila kuuma, nikaanza kusahau. Kisha asubuhi moja, msumeno ukiwa katikati ya jiwe, upande wa kushoto wa kila kitu ukaanza kumeremeta. Unaijua ile. Kama maji yanayochezewa na jua, halafu nusu ya dunia haipo. Niliona mkono wangu wa kulia. Wa kushoto sikuuona, na msumeno ulikuwa upande huo.

Nilizima.

Njoroge, msimamizi wetu, alikuja mbio. "We Wekesa! Lori inangoja na wewe unapumzisha mashine?" Nikamwambia macho yamekataa. "Macho ama miguu?" akasema, na watu wakacheka. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta wa mawe, kitambaa usoni, nikajifinya mkono mwenyewe. Nilimsikia akimwambia Kilonzo kwamba mtu wa kichwa si mtu wa mashine. Hilo ndilo lililouma kuliko kichwa chenyewe. Bila mashine mimi ni mpakiaji tu, na wapakiaji wanabadilishwa kila wiki. Ningerudi nyumbani, na nyumbani haupo.

Nilirudi kazini baada ya chakula cha mchana nikamaliza jiwe lile.

Kesho yake sikungoja kuitwa. Kabla mashine haijawashwa nilimwendea Njoroge. Nilikuwa nimepanga kusema samahani, kwamba haitarudi tena. Lakini nikawaza itarudi tu, wewe ilikurudia hadi mwisho. Nikamwambia, "Mkubwa, nikiona kunameremeta nitazima tena, hata likingoja lori moja, hata yakingoja matatu. Kama hiyo ni mbaya, mpe mwingine mashine saa hii." Alinitazama sana. Alitazama mashine. Akatema mate pembeni.

"Zima basi," akasema. "Kidole ikiruka hapa, ni mimi nitaitafuta kwa vumbi."

Ni hayo tu. Hakuniambia pole, wala mimi sikutaka. Nikawasha.

Kwa hivyo bado niko kazini, Mayi. Nalala mapema. Nakuwaza zaidi asubuhi, chai ikichemka, maana huo ndio wakati uliokuwa ukinipigia simu kuniuliza kama nimekula.

Pumzika sasa. Huko uliko mwanga usikusumbue, na mtu asikuletee majani. Mimi nakuahidi hili moja: nitazima kila mara, hata Njoroge akigeuza maneno. Nyasi za huko kwetu zinaota haraka, na nimesikia zimeshafika kwenye msalaba wako. Mwaka ukiisha nitakuja kuzing'oa, kwa mikono yangu yote miwili.

Mwanao,
Wekesa