Barua ya Mzee Chilumba

Jumatatu, 6 Oktoba
Vijiji viwili leo. Mimi nashika tochi, Daktari anaangalia koo na kaakaa, anaandika. Utafiti wa waliokatwa kimeo utotoni. Kila mtu anatamka "Baba Pili anapika pilipili" kwenye kinasa sauti. Wengi wanaweza. Mimi siwezi. Sauti yangu inatokea puani, king'ong'o kitupu. Nilikatwa kimeo pamoja na nyama ya kaakaa.

Jumatano, 8 Oktoba
Chiungutwa, kijijini kwetu. Daktari anawahoji na wakataji. Amekuja aliyenikata, Mzee Chilumba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, hakunitambua. Anakohoa, sauti inakwaruza. Nikammulika. Kuna kitu cheupe nyuma ya ulimi. Daktari kapiga picha nyingi za kumpelekea daktari bingwa. Nilifurahi. Naandika hivyo hivyo, nilifurahi.

Ijumaa, 17 Oktoba
Daktari yuko Newala. Barua ya majibu ya bingwa imekuja na basi. Kaagiza nimpelekee mzee na nimsomee, maana hajui kusoma. Uvimbe mbaya. Aende hospitali Ndanda upesi, asisubiri. Nimeichomeka ndani ya daftari hili.

Jumapili, 19 Oktoba
Bado imo humu. Shuleni uji ulinitoka puani, darasa zima likacheka. Mchumba wa Tandahimba alinisikia nikiongea siku moja tu, posa ikafa. Mzee alipewa jogoo kwa kazi ile. Nimekaa na sauti hii miaka ishirini na sita. Na yeye akae kidogo.

Jumanne, 21 Oktoba
Daktari kapiga simu. Mzee kaipata barua? Nikasema ndiyo. Jioni nimepita kwa mzee makusudi. Anakohoa, mkewe anamsugua mgongo. Maji anameza kwa shida. Nikasimama kwenye mikorosho nisikilize mpaka nitosheke. Sikutosheka.

Alhamisi, 23 Oktoba
Sikulala. Nimeamua kumsomea. Siyo huruma. Nataka habari yake aisikie kwa sauti hii hii aliyonipa.

Ijumaa, 24 Oktoba
Nikasoma. Akanikodolea macho.
"Sijakusikia, mwanangu. Hebu rudia."
Nikarudia. Mkewe naye hakuelewa. Mara ya tatu nikasoma polepole, akatikisa kichwa, akacheka kidogo kwa aibu. Hapo hofu ikanishika mimi. Huyu atakufa kwa sababu hanisikii. Nikamgusa koo kwa kidole. Nikasema Ndanda. Kesho. Akaelewa. Akaniangalia mdomo kwa muda mrefu, akauliza nani alinikata kimeo.
Nikasema, "Wewe."
Hilo alilisikia mara moja.

Jumamosi, 25 Oktoba
Nimewapandisha basi la asubuhi, yeye na mkewe. Barua imo mfuko wa shati lake. Nimemwandikia Daktari ukweli wa zile siku saba. Hajajibu. Kazi huenda imekwisha.
Sijamsamehe.
Nimepika uji, nimeunywa kwa vijiko vidogo vidogo, kama siku zote.