Haya ya Kuona Haya

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Sisi hatujambo. Shemeji yako anauliza kama kile kikohozi kimekuacha ulale. Mimi sukari yangu imetulia, ila mdomo bado, si unanijua.

Nakuandikia habari za mwanangu daktari. Zahanati yake ilipewa utafiti wa dawa ya sukari. Wagonjwa wengine wanameza dawa yenyewe, wengine vidonge vitupu, na hakuna anayejua amepata kipi, hata yeye. Alibakiza mgonjwa mmoja tu kutimiza idadi. Asipompata, utafiti unahamishiwa kwingine. Nikamwambia asihangaike, baba yake yupo. Akasita, nikamng'ang'ania.

Basi akanikalisha karibu na mzani kama mgonjwa mwingine yeyote. Akanieleza kwamba ningeacha dawa zangu kwa muda, na kwamba hata nikikataa atanitibu vilevile. Kila alichosema nikajibu “haya”. Kisha akaniomba nimweleze kwa maneno yangu mwenyewe nimekubali nini. Nikasema nimekubali dawa mpya, kali kuliko ya zamani. Akaweka kalamu chini. Akasema “haya” yangu ni ya kuona haya, si ya kukubali, maana mimi humwambia “haya” hata anayenikanyaga mguu.

Nilipandisha hasira, nikamkumbusha nani alimzaa nani. Akanijibu kwa upole kwamba ndiyo hasa sababu hawezi kuniandikisha: baba hajui kumnyima mwanawe. Nafasi ikabaki wazi, na wenye utafiti wakauhamisha. Wauguzi wake walinuna. Yeye aliendelea kupima watu presha na kuwatania kama kawaida.

Sasa nikuambie ambalo hata shemeji yako halijui. Nilikuwa naogopa, ndugu yangu. Sikutaka kuacha dawa zangu hata siku moja. Nilijua fika vidonge vingine ni vitupu. Nilijifanya sikuelewa, maana ningeyatamka kwa mdomo wangu ningeingiwa na woga nikakimbia. Maisha yangu yote watu wamechukua “haya” yangu wakaenda zao. Huyu alikuwa anaihitaji kuliko wote, na ndiye pekee aliyeirudisha. Natembea kifua mbele, wala sijali nani ananicheka.

Wasalimie wote hapo kwako, na uniandikie upesi kabla sijanuna.

Ni mimi kaka yako,
Mkaidi