Damu Yetu ya Mlimani

Mama,

Mtoto ana joto tangu asubuhi. Mke wangu amempeleka zahanati hapo Kebirigo akapimwe damu. Mimi nina darasa la mtihani, nimewapa zoezi waandike, nami nakuandikia wewe. Naogopa, Mama.

Somo lenyewe la leo ni lile la mageuzi ya viumbe. Nimelifundisha miaka mingi nikijigamba: kwamba kule chini ziwani, joto, maji na mbu vilikaa na watu vizazi na vizazi hadi vikaigeuza damu yao. Aliyerithi chembe ya selimundu kwa mzazi mmoja tu, malaria haikumuua kwa urahisi, akaishi akazaa. Sisi wa mlimani tulilindwa na baridi. Mbu hawakupanda huku, basi damu yetu haikujifunza kitu.

Nilijua yote hayo. Na bado siku ile uliponiambia, "Wewe mwalimu, mbu ya huku inaumanga nani? Kuku ndio inamaliza mboga yangu," nilicheka. Nikapanda kitandani pako, nikaifungua ile neti ya mbu uliyopewa bure kwa mikono yangu, nikaizungushia mboga yako ya chinsaga bustanini. Ukanisifu kwa fensi nzuri! Jioni tukala mboga hiyo na ugali wa wimbi.

Ulipoanza kutetemeka tulisema umenyeshewa kwenye majani chai. Hakuna aliyetaja malaria mpaka ulipoacha kututambua. Mazishini wakasema ni mapenzi ya Mungu, na dada Nyaboke akaitikia amina. Hadi leo hajui habari ya neti.

Tangu uondoke joto limezidi. Yale mashimo ya udongo wa matofali huko bondeni hayakauki maji, na mbu wanaingia hadi jikoni. Mwili wa mtu hubadilika polepole mno, Mama, maelfu ya miaka. Mbu wametupandia mimi nikiwa hai, naangalia.

Mtoto ni Moraa, jina lako. Mke wangu huliita nyumba nzima isikie. Mimi nikimkuta na joto namwita "mtoto" tu, kwa sababu nikisema Moraa nakuona wewe umelala pale, macho wazi, hunijui mwanao.

Bado hawajanipigia.

Kwaheri, Mama. Majibu yakija yoyote yale, Sabato hii nitaenda kwa Nyaboke, nimkalishe chini, nimwambie kwamba Mungu hakuhusika. Ni mimi.

Mwanao