Machozi Yaliyokauka Kabla ya Nne

Dada Wakesho, pokea salamu za Voi, vumbi lake jekundu na upepo wake.

"Macho yanayotiririka yatakuwaje makavu?" Hivyo ndivyo mumeo alivyonicheka nilipoondoka Mghange. Amekosea! Leo daktari wa macho alinitia tone la rangi ya manjano, akaniambia nisipepese, akahesabu sekunde. Hakufika nne, machozi yamekauka. Mafuta ya kope yameganda, kwa hiyo jicho huwashwa na kumwaga maji yasiyolainisha kitu. Akazikanda kope kwa kitambaa cha moto, akazibinya mpaka mafuta yakatoka. Matone aliyonipa yasiponitosha, ataviziba vitundu vinavyonyonya machozi.

Nje, mama mmoja wa Rukanga aliyatazama mashavu yangu. "Mzee, huko ndani mnalishwa mchuzi kwa macho?" Nilicheka hadi manjano yakafika kwenye kola.

Dada, macho yako ni kama yangu, na umeshaacha kusoma somo kanisani. Nakupenda, kitupe kile kichupa cha dukani cha kuondoa wekundu wa macho, kinazidisha ukavu.

Nawe shemeji, kwa kuwa ndiwe unayemsomea kadi hii, soma kwa sauti na usiruke mstari: Jumatatu mlete kliniki.

Kaka yenu, Mwakio