Pire ya Viazi na Machozi ya Mkamwana Wangu

Bukavu, Kasha, tarehe 18 Novemba 2019. Ni mwaka wa ishirini na tatu tangu nishuke, nikikimbia vita, kutoka vilima vya juu ya Minova, Bruno wangu akiwa mgongoni.

Mpendwa mshauri wetu Maman Monique, nakuomba msaada, mimi muzee Grégoire, mgane, ninayekaa kwa huyo huyo Bruno na mke wake Jeanine, na nakaa vizuri, hilo nalisema kwanza usije ukadhani nalalamika, ila Jumapili nimeliza mtu na sijui nimemliza kwa nini. Kwetu kule juu tulilima viazi, udongo mweusi, ukungu mpaka saa nne, na marehemu mke wangu Euphrasie alipougua akawa hawezi kutafuna, nikajifunza kumpikia pire, viazi vinaanza katika maji baridi yenye chumvi, vikiiva namwaga maji na kurudisha sufuria motoni kidogo vikauke, huku punje za kitunguu saumu zinachemka polepole ndani ya maziwa mpaka zinalainika, kisha naponda vyote vingali moto, siagi kwanza, maziwa baadaye, kidogo kidogo, bila kusukuma sana, kwa sababu ukizidisha inakuwa gundi. Basi Jumapili Jeanine alikuwa kwenye misa ya pili, anaimba kwaya, na wazee wawili wa shirika letu la kanisa wakanitembelea, nikaona viazi vizuri jikoni, nikaingia nikapika. Bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, alivyotuachia mezani vikabaki vimefunikwa. Tukala, tukacheka, mmoja akasema, "Grégoire, hii bitu unaificha wapi?" nami nikamjibu, "Ndugu yangu, leo njo nimekula!" na hapo hapo Jeanine akaingia, kitambaa cha kwaya bado shingoni. Wageni walipoondoka akaniuliza, "Papa, siku gani nilikunyima chakula? Batu ba Kasha batasema nini? Ati bibi ya Bruno anaachaka muzee na njaa?" Nikamwambia, mwanangu, ni viazi tu. Akalia. Tangu hapo ananiletea sahani, anapiga goti, anaondoka kabla sijashukuru, na Bruno naye anatazama dirisha. Mpwa wangu Floribert amenipigia simu kutoka Minova, anasema, "Tonton, rudi, kule juu kumetulia, nitakujengea nyumba," na mimi nimeanza kukunja nguo, maana muzee anayevuruga nyumba ya mtoto afadhali aondoke. Niondoke, Maman?

Papa Grégoire,

Pole. Sasa acha kukunja nguo, unisikilize.

Pire yako haina kosa. Mimi mwenyewe nimeisoma nikameza mate. Lakini bugali lililofunikwa umelipitia haraka kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Yule mama aliamka mapema, akasonga, akakaanga, akafunika, akaenda kumwimbia Mungu akijua baba mkwe wake yuko salama. Amerudi akakuta chakula chake hakijaguswa, sufuria yake mikononi mwako, na wewe unatangaza mbele ya wazee wa shirika kwamba leo ndiyo umekula! Unajua desturi zetu kuliko mimi: baba mkwe haingii jiko la mkamwana bila kubisha hodi. Akiingia kimya, majirani wanasoma jambo moja tu, njaa. "Ni viazi tu"? Papa, hujamwomba hata msamaha, umemwambia kilio chake ni cha bure.

Ukienda Minova sasa, utakuwa umewathibitishia majirani kwamba alikufukuza.

Fanya hivi. Kwanza, leo, kabla hajakuletea sahani, mwite, umwambie ulikosea, na Bruno asikie. Pili, Jumapili mbishie hodi jikoni, umwombe nafasi. Menya, ponda, hiyo ni kazi yako. Ila chumvi usiguse. Chumvi ataweka yeye, ataonja yeye, na ataipeleka mezani yeye, kando ya bugali lake. Kwetu anayetia chumvi ndiye mwenye jiko, na kila mzee atakayekuja anajua hivyo. Tatu, waite wale wale wawili waliokusikia. Ulichosema mbele yao, kirekebishe mbele yao.

Na umwambie Jeanine pire ile ulimpikia nani. Naona hajui.

Maman Monique

Maman, nimefanya. Nilibisha hodi, Jeanine akasema, "Papa, jikoni si kwa Monsenyeri askofu, ingia." Viazi hutaka chumvi tangu kwenye maji, hilo bado nalishikilia, lakini nilitii. Nilipomweleza habari ya Euphrasie aliacha kuchambua mboga za lengalenga, akachukua mwiko, akaonja, akatia chumvi, akaonja tena, akatia nyingine. Alizidisha kidogo. Wazee wale wawili walikuja, nikawaambia, "Mwenye jiko ni huyu, mimi ni mponda viazi." Mmoja akajibu, "Tuliona tangu mlangoni, wewe ulikuwa unatoka jasho." Jeanine alicheka mpaka akashika meza. Bugali liliisha kabla ya pire.

Nguo nimezirudisha sandukuni. Ukungu wa kule bado nauona nikifumba macho, na udongo ule naukumbuka kwa vidole. Jana nimempigia Floribert, nikamshukuru, nikamwambia nyumba asijenge. Sitarudi.